Bei ya Injini Chafu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Lakini. Ukimpelekea redio ya marehemu babu yako ataipindua, ataigonga kwa ukucha, ataisogeza kwenye mwanga, kisha atasema, "Nzuri, lakini," na kuanzia hapo bei inashuka ngazi moja moja mpaka iguse sakafu. Wapo waliosema kwamba hata siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama anamtaka yule binti, alijibu hivyo hivyo. Mkewe alipoulizwa kama ni kweli, hakukanusha.

Duka lake lilikuwa chumba chembamba kati ya mshona viatu na mpiga picha za pasipoti. Mbele alipanga vitu vya kuwashibisha macho wapita njia: saa za ukutani, taipureta, kamera zenye ngozi iliyochanika. Hivyo vilikuwa pazia tu. Mali yenyewe ilikuwa chini ya kaunta, kwenye droo zilizotandikwa flana: injini ndogo za ndege za mfano.

Si vitu vya watoto, ingawa wengi waliozikuta nyumbani walidhani hivyo. Zamani watu wazima wenye kazi zao walijenga ndege kwa mbao nyepesi na karatasi, wakazirusha viwanjani Jumapili huku wake zao wakiwasubiri na chakula kilichopoa. Kila ndege ilikuwa na injini halisi puani, ya kuenea kwenye kiganja, yenye silinda, pistoni na kabureta, ikilia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Wale watu wamekufa karibu wote. Injini zimebaki kwenye makopo ya biskuti, makopo yamebaki kwa wajane, na wajane ndio waliokuwa shamba la Lakini.

Elimu yake hakuitoa hewani. Alifundishwa na kaka yake mkubwa, karani mpole ambaye hakuwahi kukanyaga ndani ya ndege ya abiria lakini kila mtu alimwita Rubani. Rubani ndiye aliyekuwa mrushaji. Lakini, siku hizo kijana asiye na kazi, alikuwa mwokota mabaki. Ndege ikianguka, anakimbia kuifuata. Jioni, mbao zikiwa zimevunjika mezani, kaka anamfundisha kuisoma injini.

Unaanza na mwili wake, alisema Rubani. Kama umesubiwa, yaani chuma cha moto kimemiminwa, kwenye kalibu ya mchanga, ngozi yake ina vipele vidogo kama ganda la chungwa. Kama umetoka kwenye kalibu ya chuma ni laini, maana yake injini hizo zilifyatuliwa kwa wingi kama matofali, na thamani yake ni ya matofali. Tazama masikio, yale mapande mawili ya pembeni yenye matundu ya skrubu: matundu yaliyopanuliwa ni dalili kwamba iliwahi kulazimishwa kwenye ndege isiyo yake. Tazama nati ya mbele kama ina makovu ya koleo, ujue kama imepita mikononi mwa washenzi. Tafuta namba, ambayo mafundi wa zamani waliigonga kwa nyundo na kwa mkono. Na mwisho kabisa, tazama uchafu. Warushaji walichanganya mafuta ya nyonyo kwenye petroli yao, na mafuta hayo yakishapata moto kisha yakalala miaka, hugeuka gundi ya kahawia. Injini inaganda kana kwamba imekufa. Mjinga huilazimisha kwa koleo na kuivunja. Ajuaye huiweka penye joto, huidondoshea mafuta laini, husubiri. Huamka yenyewe.

"Huo uchafu usiuguse," Rubani alimwambia. "Ndio cheti chake cha kuzaliwa. Ukiusugua, umemfanya mtoto wa watu yatima."

Lakini aliyashika yote. Kisha akagundua ambalo kaka yake hakulifikiria: kwamba ukweli ukishaujua vizuri, unaweza kumwambia mtu mwingine ukiwa umeupindua kichwa chini miguu juu, naye akakushukuru.

Silaha yake kubwa ilikuwa nyongeza. Sote tunaijua nyongeza. Umenunua fungu la nyanya, muuzaji anakuongezea moja juu, mnaachana mkicheka. Yeye aliigeuza kuwa mtego. Akifika kwa mjane, ile injini aliyoijia haitazami hata kwa pembe ya jicho. Atanunua takataka za pembeni kwa bei ya heshima, atazihesabu noti polepole, atasifu mapazia. Akishasimama kuaga, mkono umeshashika kitasa cha mlango, ndipo macho yake yanapoiangukia kama kwa bahati. "Na hiki kibovu, mama, si unipe tu nyongeza?" Nani atamnyima mgeni aliyekwishamlipa vizuri? Katika droo zake hakukuwa na injini bora hata moja aliyoitolea fedha, na alijivunia hilo kuliko wanaume wengine wanavyojivunia watoto wao.

Ilibaki moja tu iliyomnyima usingizi. Warushaji waliijua kwa jina la Mbayuwayu. Ilitengenezwa na mafundi wawili ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kukereza vipuri vya cherehani. Walisubu chache kwa mchanga, ubavuni wakachora mbayuwayu anayetazama mkia wake, kisha wakagombana na karakana ikafungwa. Baadaye mtu mwingine alipata michoro yao akafyatua nakala kwa kalibu ya chuma, laini, za kung'aa, na ndege yule yule ubavuni. Nakala zikazagaa. Ya asili ilitambulikana kwa mambo mawili: vipele vya mchanga, na namba iliyogongwa juu ya sikio la kushoto, nyepesi kiasi kwamba ukipitisha ukucha unaihisi kabla hujaiona.

Rubani alikuwa nayo. Lakini aliishika mara kadhaa akiwa kijana. Halafu Jumapili moja Rubani akasema ndege yake imepotelea nyuma ya mikaratusi na kuangukia bwawani, pamoja na Mbayuwayu. Lakini aliingia kwenye tope mpaka kiunoni, akapapasa mchana kutwa. Kaka yake alisimama ukingoni, mikono mfukoni, akimwangalia.

Sasa Rubani alikuwa amekufa. Mjane wake alihamia kwa mwanawe, dereva wa malori ya masafa ambaye nyumbani alikuja kama mgeni. Mwenye nyumba hasa alikuwa mke wa dereva, na huyo mkamwana hakuwa mbaya wa kutukana; alikuwa mbaya wa kuhema. Mama mkwe akipiga chafya, anahema. Akiomba chumvi, anahema. Alimpa nafasi ya kulala ukumbini, kati ya jiko na bafu, kwenye kitanda cha kukunja ambacho ilimbidi akikunje kabla watu hawajaamka, kwa sababu kikiwa wazi mlango wa bafu haufunguki. Kwa hiyo mama wa watu, magoti yakiuma, aliamka wa kwanza kila siku kupisha njia ya choo.

Kilichomweka hai kilikuwa chumba kimoja alichokiona nyumba ya pili kutoka kwa rafiki yake mshonaji. Chumba kidogo, kina dirisha lake na mlango unaofungwa kwa ndani. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima mbele, hakutaka hadithi. Ndipo mama akakumbuka kopo la marehemu, akampelekea habari shemeji yake.

Lakini alifika na mfuko wa matunda mabovu kidogo, ya kutosha kuonyesha upendo.

"Karibu shemeji, kaa hapo kitandani," mjane alimwambia, akimkunjulia kitanda. "Hapo ndipo sebule, ndipo chumbani, na mtu akitaka kuoga ndipo barabarani."

Mkamwana alipita na ndoo, akahema, akauliza kwa sauti ya adabu kama wageni watakaa sana maana ana nguo za kufua.

Kopo lilipofunguliwa, harufu ya mafuta ya nyonyo ilipanda, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kana kwamba Rubani ameingia ukumbini. Lakini hakuwa mtu wa kupoteza wakati na harufu. Juu kulikuwa na injini za kawaida, zile za matofali, zimeviringishwa kwenye soksi kuukuu. Chini kabisa kulikuwa na soksi moja ya kufuma, ya mtoto mchanga. Aliibonyeza, akajua kabla hajaitoa. Aliitoa. Nyeusi, imeganda, gundi ya kahawia imejaa kati ya mapezi yake. Ukucha wa kidole gumba ulipita juu ya sikio la kushoto, ukaikuta namba.

Kwanza moyo ulimpiga teke. Halafu ikaja hasira. Haikuanguka bwawani. Kaka yake alisimama ukingoni akimtazama anazama kwenye tope kutafuta kitu ambacho huenda wakati ule ule kilikuwa mfukoni mwake. Rubani alimfundisha kila kitu, kisha akamwona alivyo, akaficha kilicho bora. Mtu mwingine angeona haya. Lakini aliona deni.

Aliitupa kitandani kama mbegu ya embe. Akazinunua zile za kawaida, akatoa bei nzuri, akazihesabu noti polepole. Akasifu mapazia, ingawa ukumbi haukuwa na pazia. Akasimama, mkono kwenye kitasa.

"Na hiki kibovu, shemeji, si unipe tu nyongeza?"

Mjane alitabasamu, akaifunika ile injini kwa kiganja. "Hiki hapana. Marehemu alisema nisikitoe bure, hata kwa ndugu."

Tangu aanze kazi hiyo, hakuwahi kunyimwa nyongeza. Alirudi akakaa. Aliichukua, akajaribu kuizungusha kwa vidole viwili mbele ya macho ya mjane na ya mkamwana, aliyekuwa ameegemea mlango wa jiko. Haikusogea.

"Unaona? Imekufa, shemeji. Na kwa uchafu huu, nani ataitaka?"

"Alisema uchafu usiguswe."

"Marehemu alipenda ndege. Mimi napenda bei. Umewahi kumwona mtu ananunua sufuria lenye masizi?" Akaigonga kwa ukucha. "Hii ingekuwa safi, inang'aa, inazunguka, haki ya Mungu ningekulipia chumba chako mwaka mzima, leo leo. Mkweo huyu hapa ni shahidi. Lakini..."

Akaiacha pale, akaondoka. Angeweza kuulipa huo mwaka saa ile ile, na bado faida ingemtosha kununua kiwanja. Fedha ilikuwa mfukoni. Ila kulipa kungekuwa ni kukubali kwamba Rubani alishinda. Afadhali kuiacha iive. Kitu ambacho mwenyewe ameshaambiwa ni maiti, baada ya wiki chache huanza kumnukia.

Na hakuiacha iive peke yake, aliichochea moto. Alikutana na mkamwana sokoni, akambebea kapu, akamwambia kwa huruma kwamba vyuma vya zamani vyenye mafuta huleta mende, na kwamba wazee wana tabia ya kung'ang'ania takataka mpaka nyumba inanuka. Akamnunulia kitenge. Mkamwana hakuwa mjinga, alielewa kitenge kinasema nini. Kuhema kukageuka maneno. Kitanda kikaanza kuitwa "lile likitanda." Mwisho akatamka wazi kwamba mdogo wake anakuja kukaa nao mwisho wa mwezi na ukumbi utahitajika; mama atafute ustaarabu mwingine.

Lakini alipopata habari hizo aliona ameshavuna. Akamwalika mnunuzi wake mkubwa, daktari wa meno mstaafu, mzee msafi wa maneno machache ambaye alikagua injini kwa kioo kile kile kidogo cha mpini alichokuwa akiingiza midomoni mwa watu. Daktari alikuwa ameitafuta Mbayuwayu ya asili tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa na nakala nyingi, akiziita meno ya bandia. Lakini alimwambia apite Jumamosi, huenda kukawa na habari. Mpango wake ulikuwa kwenda kwa mjane Ijumaa, kumkuta amekata tamaa, na kuondoka na nyongeza yake.

Ijumaa alikwenda. Mjane hakuwepo. Mkamwana alisema ametoka tangu asubuhi na mfuko wake, na kwamba siku hizi amekuwa na siri kama mwali.

Jumamosi daktari alifika mapema, akakaa kwenye kiti cha wateja, kofia juu ya goti. Lakini alikuwa akimpooza kwa maneno mlango ulipofunguliwa, akaingia shemeji yake. Alikuwa amevaa gauni lake la harusini na kanisani, na viatu vilivyokuwa vikimbana. Alisalimia wote wawili kwa adabu, akaweka juu ya kaunta kitu kilichofungwa kwenye leso nyeupe. Alikifungua pembe moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwonyesha mgeni kichanga.

Kiling'aa. Kiling'aa kama kijiko cha bwana harusi. Mwanga wa mlangoni uliingia ndani yake ukatoka tena, ukacheza ukutani juu ya zile saa.

"Zungusha, shemeji," alisema mjane. "Usiogope."

Lakini aliweka kidole. Shafti ilizunguka laini, ikatoa mlio mdogo wa hewa iliyobanwa, ikazunguka tena.

"Safi, inang'aa, inazunguka," mjane alisema. "Nimempelekea yule fundi wa kung'arisha rimu za magari, kule kona. Nimemlipa kwa zile zile fedha ulizonipa. Sasa twende kwa mwenye nyumba, ameniambia yupo mpaka mchana."

Mdomo wa Lakini ulikuwa umefunguka. Lile neno lake, lililomlisha maisha yake yote, halikutoka.

Daktari aliinuka, akaomba ruhusa, akaichukua. Aliigeuza mara moja na kuirudisha kwenye leso. "Nakala nzuri," alisema kwa upole. "Ninazo."

"Si nakala, baba," alisema mjane. "Ya marehemu mume wangu. Ilikuwa nyeusi tii. Ilikuwa na vipele kama ganda la chungwa. Fundi alivisaga jana asubuhi nzima mpaka jiwe lake likaisha makali. Hapa sikioni palikuwa na mikwaruzo fulani kama namba. Nikamwambia apapige tupa papendeze."

Daktari alitoa kile kioo chake cha mpini, akakiingiza kwenye tundu la kutolea moshi, akakisogeza taratibu ndani kwa ndani, mahali ambapo brashi ya fundi haikufika. Alichungulia, jicho moja limefumbwa. Kisha alikitoa kioo, akakifuta kwa kitambaa chake.

"Mama," alisema, "nani alikwambia uisugue?"

"Shemeji yangu huyu. Mbele ya mkamwana wangu." Alimtazama Lakini kwa fahari, kama mtu anayemsifu ndugu mbele ya mkubwa. "Ndiye anayejua mambo haya hapa mjini."

"Anayajua," alisema daktari. "Ungeniletea ikiwa na uchafu wake, leo ungenunua nyumba. Si kukodi chumba. Kununua nyumba."

Mjane alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa ndani najua ni yenyewe, kwa kuwa nimeona mahali padogo pasipofikiwa, pangali na vipele vyake. Mimi peke yangu. Nikifa, nani ataamini? Namba haipo, ngozi haipo. Ni chuma kizuri, mama. Kinang'aa."

Alivaa kofia yake. Mlangoni aligeuka, akamwangalia Lakini bila hasira, kama anavyoangaliwa mtu mwenye jino lililokwisha kuoza mpaka mzizi.

"Kazi yangu ilikuwa kung'oa," alisema. "Ila mimi nilikuwa natia ganzi kwanza."

Walibaki wawili na saa zote zile ukutani, kila moja ikisema wakati wake. Lakini alianza kupiga hesabu, kwa kuwa akili yake haikujua kazi nyingine. Daktari amepotea, na daktari ana marafiki. Mbayuwayu imekufa, tena imekufa kweli, imeuawa kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake, maneno ambayo hakulipa hata senti kuyasema. Na hapa mbele yake amesimama mwanamke anayetaka kodi ya mwaka.

"Shemeji," alisema, "yale yalikuwa maneno ya biashara. Mtu husema tu."

Mjane alikuwa akiitazama ile injini. Uso wake ulikuwa umetulia mno, mithili ya maji ya kisima baada ya jiwe kuzama.

"Marehemu alinikataza," alisema. "Usiku nimelala pale ukumbini nikabishana naye. Nikamwambia, baba, wewe umekufa, hujui bei za siku hizi. Mdogo wako yuko hai, dukani kwake watu wanapanga foleni. Nikaona nimsikilize aliye hai."

Lakini alifungua droo. Alitoa noti kadhaa, akazipunguza, akazirudia, akaziweka kaunta. Ilikuwa bei ya haki kabisa ya chuma kilichong'arishwa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani anataja bei ya kweli kwa mtu, na mtu huyo alimtazama kama anavyotazamwa mwizi anayerudisha kandambili baada ya kuhamisha samani.

"Hiyo ndiyo thamani yake sasa," alisema. "Nakuapia, shemeji. Safari hii sikudanganyi."

"Nyumba nzima," alisema mjane, polepole, kama anajaribu kuitafuna. "Na wewe ulikuwa unaitaka bure."

Hakuzigusa noti. Aliikunja leso yake vizuri, kwanza nusu, kisha robo, akaitia kwenye mfuko. Injini aliiacha pale pale juu ya kaunta, ikimulika dari. Alipofika mlangoni mkono wake ulishika kitasa, akageuka.

"Si uliomba nyongeza?" alisema. "Haya. Hiyo."

Lakini aliiweka dirishani. Bidhaa ni bidhaa. Siku zote alizouza injini chini ya kaunta hakuna mpita njia aliyewahi kuziuliza, lakini hiyo kila mtu aliisimamia, maana kizuri chajiuza. Kabla ya mwezi kwisha ilinunuliwa na mtu aliyekuwa anafungua ofisi na aliyetaka kitu cha kukandamizia karatasi mezani. Hakupunguziwa bei wala hakuomba apunguziwe. Alipokuwa akifungiwa, macho yake yaliangukia kiinjini kimoja kati ya vile vya soksi kuukuu, akauliza kama hawezi kupewa na hicho, nyongeza tu. Lakini alimtazama sana. Alimpa.

Daktari hakurudi, wala marafiki zake. Hilo halikumfukarisha; wajane hawakosekani duniani, na makopo ya biskuti bado yapo mengi. Alipunguza tu kutumia neno "safi" akiwa kazini. Mkewe aliposikia habari hiyo kutoka kwa mshona viatu, alimpakulia chakula kama kawaida, akakaa naye mezani, akamwuliza kama yeye mkewe akitangulia kufa atawafanyia ndugu zake biashara hiyo hiyo. Akajibu kwamba hayo si maneno ya mezani.

Chumba chenye dirisha kilichukuliwa na muuza vipodozi. Mdogo wake mkamwana alikuja kama ilivyosemwa, akapewa ukumbi na kitanda. Mama mkwe alihamishiwa jikoni, mkeka kati ya jiko na pipa la maji. Huko, alisema mkamwana, angalau kuna joto. Na mkamwana, ambaye alikuwa shahidi tangu mwanzo na ambaye kitenge chake kilimpendeza sana, hakuiweka siri. Alisimulia bombani, alisimulia saluni, alisimulia kwenye foleni ya mkate.

"Watu wengine hula nyumba," alisema. "Wengine huichoma moto. Mama mkwe wangu yeye aliisugua mpaka ikaisha."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Walimcheka mjane, maana aliyeibiwa ndiye anayechekesha. Mwizi huogopwa kidogo na kusalimiwa. Lakini aliendelea kuitwa Lakini, wala hakuna aliyeona haja ya kumbadilishia. Yule mjane wa Rubani ndiye aliyepewa jina jipya. Wanamwita Mama Msasa. Mwanzoni alikuwa haitiki. Siku hizi ukimwita kwa nguvu kutoka dirishani, anaacha anachokikosha, anafuta mikono kwenye kanga, na anaitika.